Difu, Oili na Kilima cha Nyuma ya Bweni

Gari letu lina viti viwili, na wenyewe tuko wanne. Hilo peke yake linatosha kuwafanya walimu wetu wajiulize tunasoma nini hapa chuoni. Ni Mazda MX-5 ya mwaka 2001, injini ya 1.8, gia tano, paa la turubai, rangi ambayo zamani ilikuwa nyekundu. Tulichangishana, tukalinunua, mmoja wetu akaandikishwa kuwa mtunzaji wake na sisi wengine tukaingizwa kwenye bima kama madereva. Kiangazi chote halikutuletea neno. Neno lilikuja na theluji.

Nyuma ya bweni letu kuna kilima kifupi ambacho huwezi kukikwepa ukitaka kutoka. Asubuhi moja ya Januari mwenzetu alikuwa anawahi zamu katika nyumba ya wazee anakofanya kazi ya muda. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa juu ya barafu ya ukingoni, la kulia lilikuwa juu ya lami kavu kabisa. Akakanyaga mafuta. La kushoto likazunguka kama pia, la kulia halikusogea hata inchi moja. Alipofika kazini alikuwa amechelewa dakika hamsini, akapewa onyo la maandishi. Onyo la pili lingemgharimu kazi, na kazi hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba chake.

Jioni ile tulikaa kikao jikoni. Wawili kati yetu walisema dawa ni kubadilisha difu. Wawili walisema dawa ni matairi ya baridi, na kwamba hao wa difu wanatafuta kisingizio cha kuchezea gari. Mfuko ulikuwa na pauni 420, na pesa hizo hazikutosha kununua vyote viwili. Tunaandika makala hii kwa sababu kambi zote mbili zilikuwa na haki nusu nusu, na kwa sababu tulifanya kosa moja la oili ambalo hatungependa mwanachama mwingine alirudie.

Kwa nini tairi moja tu?

Tuanze na kazi ya difu. Gari likikata kona, tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kwenye gari letu nafasi kati ya matairi mawili ya nyuma ni karibu mita 1.4. Ukigeuza nusu duara, tairi la nje linakwenda karibu mita 4.4 zaidi ya lenzake, iwe kona ni pana au ni finyu. Kama matairi yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingelazimika kuburuzwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alilitatua jambo hili katika miaka ya 1820, alipobuni difu kwa ajili ya gari la mvuke. Ndani yake mna gia ndogo zinazoruhusu upande mmoja uende mbio zaidi ya mwingine, huku pande zote mbili zikiendelea kusukumwa.

Tatizo limo humo humo katika uzuri wake. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa, wakati wote. Tairi lililo juu ya barafu haliwezi kupokea nguvu nyingi, kwa kuwa hakuna cha kulizuia. Tuseme linaweza kupokea nyutonimita 100 kabla ya kuteleza. Basi na la upande wa pili, hata kama limekaa juu ya lami kavu, litapata 100 hizo hizo. Jumla 200, na kilima kinataka 280. Ukiongeza mafuta unaongeza mbio za tairi linaloteleza, basi. Tairi dhaifu ndilo linaloamua kwa niaba ya yote mawili.

Kwenye magari kama Land Cruiser ya safu ya 70, ambayo wengi wetu tumepanda nyumbani, kuna difu loki: unabonyeza swichi, pande mbili zinafungwa kuwa kitu kimoja, unatoka kwenye tope, unafungua tena. Hiyo si ya kuendea barabara kavu. Kati ya difu ya kawaida na difu loki ipo ya tatu, ambayo inaruhusu pande mbili zitofautiane lakini kwa kiasi. Sisi tuliamua kuiita difu ya kubana. Mafundi huiita kwa herufi zake tatu za Kiingereza, LSD, na tunawashauri msizitumie herufi hizo bila maelezo. Mama wa mmoja wetu aliona ujumbe kwenye simu usemao “LSD imepatikana, pauni 300,” na ilichukua jioni nzima kumtuliza.

Namna tatu za kubana

Ya kwanza ni ya sahani. Ndani mna sahani za msuguano kama za klachi, zinazobanwa pamoja kwa springi na kwa nguvu ya injini yenyewe. Inashika hata tairi moja likiwa hewani, lakini sahani huchakaa na hudai oili yenye kiungo maalumu cha kurekebisha msuguano. Bila kiungo hicho, ukikata kona taratibu utasikia nyuma inatetemeka na kugugumia.

Ya pili ni ya majimaji mazito ya silikoni. Pande mbili zikitofautiana mbio, majimaji hukaza na kuzizuia. Ni laini, ila ikizeeka hulegea na haitengenezeki. MX-5 za mwanzo zenye injini ya 1.6 zilikuwa na za aina hii.

Ya tatu ni ya gia tupu, zenye meno ya mshazari. Inayojulikana zaidi ni Torsen, iliyotokana na ubunifu wa Mmarekani Vernon Gleasman, aliyepata hataza yake mwaka 1958. Nguvu ikiingia, gia hizo husukumana na kuta za nyumba yake na kujibana zenyewe. Haina sahani za kuchakaa. Ila hesabu yake ni ya kuzidisha, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Tuseme inaweza kulipa tairi lenye kushika mara mbili ya linaloteleza. Kwenye mfano wetu wa juu, tairi la barafu linapata 100, la lami linapata 200, jumla 300. Kilima kinapandika. Lakini kama tairi moja liko hewani kabisa, mara mbili ya sifuri ni sifuri. Hapo dawa yake ni kukanyaga breki kidogo huku unatia mafuta, ili lile la hewani lipate kitu cha kupigana nacho.

Tuliipata Torsen iliyotumika, kutoka kwenye MX-5 nyingine iliyokuwa inachinjwa kwa vipuri, kwa pauni 300. Kambi ya matairi ilipiga kura ya hapana, ikashindwa kwa sababu aliyepewa onyo kazini alihamia kambi ya difu.

Kabla ya kulipa

Mambo matatu tuliyahakikisha kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Kwanza, ukubwa. MX-5 za 1.6 za mwanzo zina difu ya inchi 6. Kuanzia modeli za 1.8 za mwaka 1994 ikaja ya inchi 7. Hizo mbili hazibadilishani hivi hivi, maana shafti zake ni tofauti. Letu ni la inchi 7, na tuliyoinunua pia.

Pili, uwiano wa meno. Difu yetu ina meno 41 kwenye kraunwili na 10 kwenye pinioni, yaani 4.1. Ukifunga yenye uwiano mwingine gari litakwenda, lakini mbio zake na kipima mwendo havitaafikiana tena. Namna ya kuhakiki ni rahisi: piga alama ya chaki mahali inapofungwa propela shafti, zungusha, hesabu ni mizunguko mingapi inahitajika ili pande zote mbili za kutolea zizunguke mara moja.

Tatu, bima. Hapa Uingereza kila badiliko unalolifanya kwenye gari unapaswa kulieleza kampuni ya bima. Usipolieleza, siku ya ajali wanaweza kukataa kulipa, na utakuwa umeendesha miezi yote hiyo ukidhani umelindwa. Tulipiga simu, tukaeleza, tukaongezewa pauni 18 kwa mwaka. Mwenzetu mmoja aliona ni upuuzi kulipia kitu kisichoonekana. Tulimwambia kwamba kisichoonekana ndicho kitakachotafutwa siku ya kutafutwa.

Chini ya gari

Tulikuwa na uamuzi mmoja mkubwa: kubadilisha utumbo wa ndani peke yake, au difu nzima na nyumba yake. Tulimpigia mjomba wa mmoja wetu, fundi wa magari Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Baridi haijakumaliza huko?”

Tulipomweleza, alicheka kwanza. Kisha akauliza, “Muna saa ya kupimia mchezo wa meno?”

“Hatuna.”

“Basi musifungue. Fungeni nzima kama ilivyo. Mchezo wa kraunwili na pinioni ni mdogo kama unene wa karatasi. Ukizidi, italia. Ukipungua, itajila. Na mkiwa hamna saa, hamtajua mmefanya lipi.”

Tukafunga nzima. Kazi ilichukua Jumamosi na Jumapili, katika gereji ya kuazima ya mwenye nyumba. Gari tuliliinua nyuma, tukaliweka juu ya stendi nne imara, tukalisukuma kwa nguvu kuona kama litayumba kabla mtu hajaingia chini. Jeki ni ya kuinulia tu. Jioni ya Jumamosi jeki yetu ilishuka yenyewe taratibu bila mtu kuigusa, na kama gari lingekuwa juu yake badala ya stendi, makala hii isingeandikwa kwa nafsi ya wengi.

MX-5 ina jambo lake: giaboksi na difu zimeunganishwa kwa fremu ndefu ya aluminiamu. Ukiifungua fremu hiyo, nyuma ya giaboksi hubaki inaning'inia, kwa hiyo lazima uiegemeze kwanza. Tulipiga alama propela shafti na mahali pake ili irudi vile vile ilivyokuwa, tukafungua bolti zake nne, tukachomoa hafushafti kwa nondo taratibu tusizichane sili, kisha watu wawili wakaipokea difu ilipokuwa inashuka. Ni nzito, na haina pa kushika. Wakati wa kurudisha tulifunga sili mpya, kwa sababu sili ni pauni chache na kuirudia kazi hiyo ni wikiendi nyingine.

Kanuni moja tunaomba ikaririwe na kila mtu: fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Ukimwaga kwanza, halafu ya kujazia ikagoma, una gari lisilo na oili na lisilo na njia ya kutiwa oili.

Oili mbili, dumu moja

Sasa kosa letu.

Difu yetu inachukua lita 1. Dukani lita moja moja ilikuwa ghali, dumu la lita 5 lilikuwa na punguzo, oili ya 80W-90 yenye alama GL-5. Tukanunua dumu. Tukajaza difu hadi oili ilipoanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawa, kama inavyotakiwa. Zikabaki lita 4. Giaboksi inachukua lita 2 hivi, na oili yake ilikuwa nyeusi. Mhasibu wetu akasema, kwa nini tununue nyingine na hii ipo? Hakuna aliyepinga. Tukamwaga ya zamani, tukatia ile ile.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na nyuzi 3 chini ya sifuri. Gia ya kwanza iliingia kwa kusukumwa. Ya pili ilikwaruza, ikagoma, ikakwaruza tena. Mwenzetu alikwenda kazini robo ya safari kwa gia ya kwanza, na ya tatu alipoweza. Baada ya dakika kumi na tano, oili ilipopata moto, ikawa nafuu. Kesho yake vile vile. Tulikuwa tumetengeneza gari ili asichelewe, na sasa tunamchelewesha kwa njia mpya.

Mjomba hakucheka safari hii. “Oili ya difu na oili ya giaboksi ni kama maji ya kisima na maji ya bahari. Yote maji. Sasa wewe kunywa ya bahari.”

Tuliketi kusoma, na haya ndiyo tuliyoyaelewa.

Katika difu ya gari la kusukumwa nyuma kama letu, pinioni haikai katikati ya kraunwili, imeshushwa chini kidogo. Kwa sababu hiyo meno hayabingirishani tu, husuguana kwa kuteleza, chini ya mgandamizo mkubwa. Oili ya kawaida ingekamuliwa ikatoka, chuma kikala chuma. Ndiyo maana GL-5 ina viungo vingi vya salfa na fosforasi, vinavyotengeneza utando juu ya chuma pale mgandamizo unapozidi. GL-4 ina viungo hivyo takriban nusu yake. Kuweka GL-4 kwenye difu ya namna hii ni kuinyima ngao yake.

Giaboksi ina hitaji jingine. Kila unapobadilisha gia, pete ndogo ya sinkro, mara nyingi ya shaba ya manjano, husugua gia inayofuata ili mbio zao zilingane kabla ya kushikana. Pete hiyo hufanya kazi kwa msuguano. Oili inayoteleza kupita kiasi huifanya iteleze pale inapotakiwa ishike, na gia inakwaruza. Tena viungo vya salfa vya GL-5 za zamani vilikuwa na sifa ya kuila shaba. Nyingi za siku hizi zimepozwa zisifanye hivyo, lakini suala la msuguano linabaki.

Halafu kuna uzito. Nambari iliyo kabla ya W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi, na ya baadaye inaeleza tabia yake ikiwa na moto wa nyuzi 100. Oili ya 75W lazima iwe bado inaweza kutiririka kwa kiwango kilichowekwa katika nyuzi 40 chini ya sifuri. Ya 80W hupimwa kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri tu. Kwa hiyo zote mbili ni 90 zikipata moto, lakini asubuhi ya Januari moja ni uji mwepesi na nyingine ni uji wa jana. Kitabu cha gari letu, ambacho kilikuwa ndani ya droo ya gari muda wote huo, kinataja 75W-90 kwa majira yote. Tulikuwa na kosa la uzito juu ya kosa la msuguano.

Na kwa wanaodhani oili ya 90 ni nzito mara mbili ya ile ya injini ya 40: vipimo vya oili za gia na za injini ni ngazi mbili tofauti. Zikiwa na moto, gia ya 90 na injini ya 40 zinakaribiana sana.

Tulimwaga ile ya dumu, tukatia 75W-90 ya GL-4. Gia ya pili ikaingia kama kisu kwenye papai. Kwenye sumaku ya nati ya kumwagia tulikuta uji wa kijivu, ambao ni wa kawaida. Vipande vya chuma ndivyo vingetutia hofu, na havikuwapo. Oili chafu tuliipeleka kwenye kituo cha taka cha halmashauri, wasije wakasema Waswahili wa bweni la tatu wanamwaga mtaroni.

Wenye magari ya kuvutwa mbele, na ndiyo mengi hapa chuoni, wajue kwamba kwao difu iko ndani ya giaboksi na zinakunywa oili moja. Kwao chaguo ni la maafikiano. Difu ya gia tupu kwa kawaida huridhika na oili inayoipenda sinkro. Difu ya sahani inataka kiungo chake, na mtu anayeifunga lazima atafute oili inayokubaliwa na pande zote mbili, kwa kufuata alichoandika mtengenezaji wa difu yenyewe.

Theluji iliporudi

Ilirudi wiki ya pili ya Machi. Tulitoka wote wanne kutazama, wawili garini na wawili pembeni na sepeto. Kwenye kilima kile kile, tairi la kushoto juu ya barafu, la kulia juu ya lami, gari lilisita kidogo, likajikaza, likapanda. Kambi ya difu ilipiga vigelegele.

Usiku theluji iliongezeka, ikafunika barabara yote. Asubuhi tukajaribu tena. Safari hii matairi yote mawili yaliteleza pamoja, na nyuma ikaanza kwenda kando, kuelekea gari la jirani. Ile difu ya zamani ingezungusha tairi moja na kutuacha palepale. Hii ilizungusha mawili na kututoa njiani. Kubana kunagawa mshiko uliopo. Pasipo na mshiko hakuna cha kugawa. Kambi ya matairi haikupiga vigelegele, ilisimama tu na masepeto yake ikitutazama.

Mwenzetu alipanda basi siku hiyo, na kwa kuwa alijua mapema kwamba gari halitoki, alifika kwa wakati. Mwezi uliofuata tulichanga tena, tukanunua matairi manne ya baridi yaliyotumika, yenye kashata nzuri bado. Kama tungeanza upya, tungeanza na hayo, halafu difu baadaye kwa raha zetu. Tumekubaliana hivyo kwa kura nne kwa sifuri.

Oili ya GL-5 iliyobaki, lita 2 ambazo hazijatumika, bado iko kwenye dumu lake chini ya ngazi ya bweni. Mwanachama yeyote mwenye gari la kusukumwa nyuma anaweza kuja kuichukua bure. Ni ya difu. Tumeandika hivyo ubavuni kwa kalamu nene, kwa Kiswahili, mara mbili.